Uvimbe kwenye uti wa mgongo ukiisha, atatembea?

Mkuu, pole sana na mdogo wako aliyeumia uti wa mgongo. Umeuliza kama uvimbe ukiisha atatembea, na kwa nini hakuchomwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Mimi natumia kiti cha magurudumu tangu nianguke na bodaboda. Maswali hayohayo niliwasumbua nayo sana madaktari.

Ajali ni pigo la kwanza tu. La pili linatoka kwa mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu inapasuka, oksijeni inapungua, na seli zinazokufa zinamwaga glutameti, kemikali ya mawasiliano ya neva, ambayo ikizidi inaua hadi seli jirani. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za damu zinaingia, kisha siku zinazofuata makrofeji, seli za kinga zinazomeza mabaki. Hizi ni kama vibarua wa kuzoa kifusi: wanasafisha, lakini wanabomoa na kuta zilizokuwa bado zimesimama. Ukizizuia zote, mabaki ya maielini, lile ganda la neva, yanabaki palepale na yanazuia neva kuota. Kwa hiyo uvimbe si adui mtupu.

Kuhusu steroidi: utafiti wa Marekani wa 1990 uliipa sifa methilipredinisoloni, aina ya steroidi, ikitolewa ndani ya saa 8. Baadaye faida yake ikabishaniwa sana, huku hatari ya maambukizi na kutokwa damu tumboni ikitajwa. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa huko ukashauri isitumike. Wapo wanaoitoa bado, ila asiyeitoa hajamtelekeza mgonjwa.

Hata kovu la kwenye uti wa mgongo, tulilokuwa tunalilaani kwamba linazuia neva kuota, lina utetezi. Mwaka 2016 watafiti walizuia astrosaiti za panya, seli zinazozihudumia neva, zisijenge kovu, na neva hazikuota vizuri zaidi.

Sasa kutembea. Uvimbe kupungua peke yake hautoi jibu. Ulizia kama ana hisia kwenye njia ya haja kubwa au anaweza kuibana. Kikiwepo kimoja, jeraha halijakata mawasiliano yote, na matumaini ni makubwa zaidi. Wiki za mwanzo mwili unakuwa umezimia chini ya jeraha, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Mimi hisia za mapajani zilirudi, miguu haikufuata.

Wanaouza seli shina kwa mamilioni waepuke. Hakuna tiba iliyothibitishwa hapo. Hela hiyo nunua godoro zuri, mgeuzeni kila baada ya saa 2, na mpira wa mkojo uwe safi. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo vimewamaliza wengi kuliko mgongo wenyewe.

Daktari amempa herufi gani ya ukali wa jeraha, kati ya A (baya zaidi) na E (hali ya kawaida)? Iandike hapa tuendelee.