Uliza Fundi: Gari Linajifunga Lenyewe, Funguo Iko Sengerema na Bosi

Safari hii sanduku la maswali limejaa vitasa na funguo za kisasa tu, nadhani ni kwa sababu magari ya pushi stati (yale ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe, funguo ikiwa mfukoni) yameshakuwa mengi hapa Mwanza mjini na wengi tumeyanunua bila kitabu, na kikiwepo kitabu kimeandikwa Kijapani. Nimechagua haya.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Nyegezi, nina Toyota ndogo ya rimoti ya kawaida. Asubuhi nabonyeza rimoti nikiwa barazani, taa zinamulika vizuri, namalizia kuaga, nikifika kwenye gari nakuta limejifunga tena. Juzi ndo likanitoa jasho: nilifungua mlango nikarusha funguo kwenye siti, nikaurudishia mlango, nikaenda kufungua geti, narudi gari limelokiwa na funguo ndani. Jirani ananishauri niombewe.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Maombi hayana hasara ila hapa kuna mambo mawili tofauti. La kwanza sio ugonjwa. Magari mengi ya Japani yamewekewa hiyo makusudi, ukifungua kwa rimoti alafu usifungue mlango wowote, baada ya kama sekunde 30 linajifunga, wazo ni kwamba pengine umekalia rimoti bahati mbaya na gari lisilale wazi. Sasa kuaga kwa hapa kwetu unakujua mwenyewe, sekunde 30 hata salamu za nyumbani hazijaisha. Bonyeza ukiwa umeshafika kwenye gari, basi.

Hilo la pili ndo limenishtua kidogo, mana ukishafungua mlango ile hesabu ya sekunde inatakiwa ikatike. Gari linajuaje mlango umefunguliwa? Magari mengi kuna kaswichi kadogo kwenye nguzo ya mlango kenye kampira, mlango ukifungwa kanabonyezwa, ukifunguliwa kanachomoza, na ndo hako hako kanakowasha taa ya ndani ya juu (kwenye magari mengine kako ndani ya kitasa chenyewe). Kakishaingia vumbi au kutu gari linaamini mlango haujaguswa, linaendelea kuhesabu, alafu linaloki huku wewe unahangaika na geti. Jaribu hivi: taa ya ndani weka pale katikati palipoandikwa DOOR, fungua mlango mmoja mmoja ukiwa umefunga mingine. Mlango ambao ukiufungua taa haiwaki, huo ndo wenye kesi. Kaswichi ka kwenye nguzo huwa kameshikwa na skrubu moja tu, fundi umeme anakatoa anakasafisha au anakubadilishia, usikubali uuziwe senta loki nzima (mtambo wa kuloki milango yote). Na mpaka hapo funguo isitoke mkononi, hata kama ni geti tu.

SWALI: Mambo fundi. Mi ni dereva wa bosi mmoja wa Capri Point. Nilimshusha Kamanga apande kivuko aende Sengerema, gari likawa linapiga pii pii sikujali, nikarudi mpaka nyumbani nikazima. Kuwasha haliwaki, kumbe funguo kaondoka nayo mfukoni. Swali langu, kama gari linahitaji funguo ilikuwaje likatembea mjini kote bila funguo?

JIBU: Pole sana, na bosi akirudi mwambie ile pii pii ilikuwa inamuita yeye. Gari la pushi stati linaitafuta funguo wakati wa kuwasha. Likishawaka halizimi hata funguo ikitoka, kwa sababu fikiria funguo iishe betri uko kwenye mteremko wa Mabatini na gari likuzimikie, si maafa hayo. Linachofanya ni kulalamika, linapiga kelele na kuwasha kataa ka funguo kwenye dashibodi. Ukisikia hivyo wakati mtu ameshuka USIZIME, mpigie simu, mfuate, au kama hapatikani basi lipeleke mahali utakapoweza kuliacha mpaka arudi. Ukizima umekwisha.

Na ukiwa kwenye kivuko chenyewe kuna kituko kingine, baba anashuka kwenye gari anaenda kupunga upepo, anabonyeza rimoti kuloki, mama na watoto wako ndani. Mama akifungua kwa ndani alamu inapiga kivuko kizima, mana gari linajua tu kwamba mlango uliolokiwa kwa nje umefunguliwa bila rimoti, halijui kama ni mama.

SWALI: Fundi mimi nafanya biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba. Gari langu la pushi stati lilikataa kufunguka alfajiri na mzigo uko chini, kijana mmoja akataka kuvunja kioo kidogo cha nyuma. Likaja kufunguka lenyewe tu baadae. Funguo naweka kwenye pochi na simu zangu za miamala.

JIBU: Mama, mshukuru Mungu kioo kimepona. Hizo simu ndo mtuhumiwa wangu wa kwanza. Ukishika kitasa gari linatuma wimbi dogo la karibu sana, halivuki hata mita moja na nusu, funguo ikilisikia inaamka na kujibu kwa redio yake. Ukiilaza funguo katikati ya simu mbili haisikii vizuri, na kujibu kwenyewe inajibu kwa kunong'ona. Itenge na simu, na nyumbani usiiweke juu ya tivii au pembeni ya chaja, inakuwa kama inaitwa itwa usiku kucha na betri inaisha.

Mtuhumiwa wa pili ni hiyo betri. Ni ile ya duara kama ya saa, volti 3, nyingi ni CR2032 au CR1632, soma namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani ununue hiyo hiyo. Bonyeza kitufe cha funguo uangalie kataa kake kekundu, kakiwa kanafifia au hakaonekani badilisha leo.

Sasa siku ikikataa kabisa, hakuna kuvunja kioo. Kwenye ubavu wa hiyo funguo kuna kalachi, kasukume alafu vuta, unatoka ufunguo wa chuma. Wengi wanakaa na gari miaka hawajawahi kuuona. Tundu lake lipo mlango wa dereva, kwenye magari mengine limefunikwa na kifuniko cha plastiki kwenye kishikio. Alamu inaweza kupiga ukifungua, usikimbie. Kaa, kanyaga breki, gusisha funguo upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio bonyeza. Ndani ya funguo kuna kachipu kasikohitaji betri kabisa, kanapata umeme kutoka kwenye gari lenyewe. Baadhi ya Nissan wao wameweka kitundu cha kuichomeka. Fanya mazoezi nyumbani mchana, na huo ufunguo wa chuma uingize kwenye tundu mara moja moja, kitasa kisichotumika kinaganda, alafu usikimwagie oili, oili inakamata vumbi.

SWALI: Oya fundi, ni kweli kuna wezi wanafungua gari bila kugusa funguo? Alafu gari langu nikiloki nikivuta kishikio kuhakikisha linafunguka.

JIBU: Ni kweli na sio jambo jipya, mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich kule Uswisi walijaribu aina 10 za magari ya makampuni 8, yote yalidanganyika. Mmoja anasimama karibu na funguo, mwingine karibu na gari, mitambo yao inarusha yale mawimbi gari linadhani funguo ipo pale. Ndo mana usiitundike funguo dirishani. Kopo la bati lenye mfuniko linasaidia, lijaribu kwanza, iweke ndani, sogea nalo kwenye gari, gari likifunguka tafuta kopo lingine.

Ila mi naogopa zaidi gari lililoachwa wazi. Hilo lako linafunguka kwa sababu funguo unayo mfukoni! Toyota nyingi ukishaloki zinakupa kama sekunde 3 za kuvuta na kujaribu bila kufunguka, ukichelewa linakuchukulia mwenye gari amerudi. Vuta hapo hapo.

SWALI: Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, kwa nje unafunguka. Buzuruga.

JIBU: Loki ya watoto. Fungua kwa nje, angalia ubavuni mwa mlango kuna kidude kidogo chenye picha ya mtoto, kirudishe upande wa pili. Usilipe mtu.