Maswali Yenu: Hofu Si Chaki Ubaoni

Wiki hii barua karibu zote ni za woga. Nimejibu tano. Za majini na ndoto, wapelekeeni wenye kazi yao.

Shikamoo. Mwaka jana niliumwa na nyoka nikipalilia mihogo. Sasa hata mpira wa kumwagilia bustani nikiuona kwenye nyasi naruka. Mara moja tu imetosha vipi, na hesabu nilirudia miaka saba sikuzishika? (Mkulima, Muheza)

Marahaba. Waliosema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka hawakuwahi kuiona amigdala, ila walimwona jirani akiruka. Amigdala ni kifundo cha seli chenye umbo la lozi, kimoja kila upande, ndani ya ubongo usawa wa masikio. Hapo habari mbili zilikutana: kitu kirefu kilichojikunja nyasini, na maumivu ya mguu. Kwenye seli za neva kuna kipokezi kiitwacho NMDA, mlango uliozibwa kwa magnesiamu. Glutamati, kemikali ya kupitishia habari kati ya seli, inayoleta habari ya lile umbo ikibisha hodi peke yake, mlango haufunguki. Maumivu yakiisisimua seli ileile wakati uleule, kizibo hutoka na kalsiamu humiminika ndani. Kalsiamu huamsha vimeng'enya, na vipokezi vya aina nyingine, AMPA, huongezwa kwenye sinapsi hiyo, yaani pale seli mbili zinapopashana habari. Tangu hapo, umbo lile likinong'ona, seli inasikia ukelele.

Hiyo ni kazi ya saa chache. Ili idumu, ujumbe hufika hadi kwenye kiini cha seli, protini iitwayo CREB huwasha jeni, na protini mpya hutengenezwa kuimarisha sinapsi. Ulipokuwa umelala na bendeji jioni ile, mafundi kichwani walikuwa bado kazini. Noradrenalini, inayomwagika mtu akishtuka, huwahimiza. Hesabu hazikukushtua kiasi hicho.

Na kama siku ile walikufunga kamba wakakuchanja wembe kabla ya kukupeleka hospitali, waambie wasirudie kwa mwingine.

Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Hapana. Hili ni la nne mwaka huu.

Nilipata ajali ya basi. Rafiki ameniambia kuna kidonge cha presha, propranolol, kinafuta kumbukumbu mbaya. Nimeze vingapi? (Dereva, Morogoro)

Usimeze hata kimoja kwa maneno ya rafiki. Una pumu? Dawa hiyo inaweza kukubana kifua hadi ushindwe kupumua, na rafiki yako hakukuuliza.

Chanzo cha uvumi ni kazi ya kweli. Mwaka 2000, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, wakiwa New York, waliwafundisha panya kuogopa mlio kwa kuufuatisha na shoti ya umeme. Baadaye waliwasikilizisha mlio tena, kisha wakawatia kwenye amigdala dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini. Kesho yake woga ulikuwa umepungua sana. Wale waliopewa dawa bila kukumbushwa mlio waliendelea kuogopa, na waliocheleweshewa dawa kwa saa 6 vilevile. Maana yake kumbukumbu ikiamshwa hulegea, na huhitaji protini kuifunga upya.

Mwaka 2009 Merel Kindt na wenzake, Amsterdam, walijaribu propranolol kwa watu waliofundishwa kuogopa picha kwa shoti ya umeme. Mshtuko ulipungua, lakini watu hao walikumbuka vizuri kabisa picha ipi ilikuja na shoti. Waliorudia majaribio ya namna hiyo baadaye, wengine hawakupata matokeo hayo. Kwa hiyo hata ikifanya kazi, ajali utaikumbuka. Tafuta mtaalamu wa afya ya akili, na usione haya kumwambia kwamba honi inakutoa jasho.

Mwanangu wa miaka sita anaogopa giza. Baba yake anamfungia chumbani azoee. Ni sawa? (Mama, Kisumu)

Si sawa, dada yangu, na mwonyeshe shemeji barua hii. Kuzoea ni kukutana na giza mara nyingi bila baya kutokea. Mtoto anayelia mlango ukiwa umefungwa kwa nje ameshapatwa na baya, tena gizani, na ufunguo anao baba. Huko ni kumfundisha woga kwa mara ya pili.

Hata kuzoea kwenyewe hakufuti. Ni somo jipya linalolikalia la zamani: sehemu ya mbele ya ubongo inajifunza kuituliza amigdala. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyewafundisha mbwa kutokwa mate kwa ishara ya chakula, aliona mapema kwamba mbwa waliokwisha kuzoea ishara isiyoleta chakula wakaacha, wakipumzishwa kidogo, mate yanarudi. Basi mlango wazi, taa ya koridoni, mama karibu, dakika chache kila usiku. Akirudi nyuma wiki moja, msimchape.

Yupo binadamu asiyeogopa chochote?

Karibu. Yuko mwanamke wa Marekani anayeitwa S.M. katika maandishi ya madaktari. Ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka na buibui havimtishi, ingawa alipovutishwa hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi alishikwa na kiwewe. Usimwonee wivu. Usiku mmoja, kwenye bustani ya mji, mtu alimwekea kisu shingoni. Kesho yake akapita palepale.