Wazee hawakupuuza lugha, shule zilifungwa
Ndugu umeuliza mbona wajukuu wa Wajapani kule Marekani wengi hawajui Kijapani, kwamba wazee wao walipuuza? Hapana jamani, si kweli kabisa. Wajapani wa mji wa Seattle kule Marekani walianzisha shule yao ya Kijapani tangu 1902, mtoto akitoka shule ya kawaida mchana anapitiliza huko kusoma tena, na Hawaii serikali ilivyotaka kuzibana hizo shule wazazi wakaenda kortini mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1927 wakashinda!

Kilichoua lugha ni Vita Kuu ya Pili. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani kule Hawaii, shule zikafungwa, walimu wa lugha wakawa kati ya watu wa kwanza kukamatwa, halafu 1942 watu wa asili ya Kijapani kama laki moja na ishirini elfu wakapelekwa kwenye kambi za kizuizini. Waliporudi Seattle wengi hawana pa kulala, basi ile ile shule ikageuzwa makazi, familia nzima darasa moja, jiko la kushea na choo cha kushea. Hapo mzazi anaogopa, anamwambia mwanae ongea Kiingereza tu. Mimi siwezi kumlaumu hata kidogo.