Kemikali za kuzuia moto na ndege mbuai: maswali yenu

Kemikali ya kwenye sofa inamfikiaje ndege aliye mtoni?

Kidogo kidogo. Kemikali za bromini za jamii ya PBDE, zilizotiwa kwenye samani na vifaa vya umeme ili visishike moto upesi, hazikufungamana na sponji wala plastiki, zilichanganywa nayo tu. Sponji ikichakaa zinaingia kwenye vumbi, kisha kwenye maji taka, kisha mtoni. Huganda kwenye mafuta ya mwili na hazivunjiki upesi. Samaki hukusanya za wadudu aliowala, na furukombe, anayeishi kwa samaki, hukusanya za samaki wote hao. Jike naye hupitisha sehemu yake kwenye mayai, kwa hiyo kinda huanza kuzibeba kabla hajaanguliwa.

Ndege wanaoishi mijini, mbali na mito, si wana nafuu?

Hawana. Mayai ya kozi wa California yalikutwa na viwango vya juu mno vya PBDE, na wale wa mijini walikuwa na BDE-209, mojawapo ya PBDE hizo, nyingi kuliko wa pwani. Kozi wa mjini hula njiwa na ndege wengine wanaookota chakula palipo na watu. Hiyo BDE-209 ilidhaniwa kuwa na molekuli kubwa mno isiyoweza kuingia mwilini kirahisi, hadi ilipokutwa kwenye mayai ya kozi wa Sweden. Mtu akiniambia kemikali fulani "haisafiri", namkumbusha mayai hayo.

Kemikali hizi zinawafanya nini hasa ndege?

Hapa tunayo majibu mazuri, kwa sababu watafiti nchini Kanada waliwafuga kozi wadogo wa Amerika na kuwapa viwango vinavyokaribia vile vya porini. Makinda walipungukiwa na homoni ya tezi ya thairoidi, inayoongoza ukuaji, na pia vitamini A. Viungo vyao vya kinga vilibadilika. Kwa wakubwa, mambo yaliharibika tangu uchumba: dume na jike walipandana mara chache na kukaa kidogo kwenye kiota. Majike yalichelewa kutaga, mayai yakawa madogo yenye ganda jembamba, na yaliyoanguliwa yakapungua. Ganda jembamba ndilo lililowamaliza kozi enzi za dawa ya wadudu ya DDT, ndiyo maana matokeo haya yananitia hofu.

Mbona hatuoni mizoga?

Kwa sababu haziui papo hapo. Ndege anaruka na kuwinda kama kawaida, ila kiota chake hutoa makinda wachache.

Si zilishapigwa marufuku?

Nyingi, ndiyo. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizovunjika upesi, uliorodhesha michanganyiko ya PBDE iitwayo penta na okta mwaka 2009, HBCD (kemikali nyingine ya bromini ya kuzuia moto) mwaka 2013 na deka, ambayo sehemu yake kubwa ni BDE-209, mwaka 2017. Lakini samani na vifaa vya umeme vya zamani bado vipo majumbani na majalalani, na plastiki yake hurejelezwa kuwa bidhaa mpya. Kinachonikera zaidi ni kwamba baadhi ya kemikali mbadala ziliingia sokoni kabla ya kupimwa vya kutosha, nazo pia zimekutwa kwenye mayai ya ndege.

Basi mnataka watu waungue?

Hasha. Moto wa nyumba unaua, na kinga ni lazima. Ila kinga si kemikali pekee. Mwaka 2013 California ilibadili kanuni yake ya samani: badala ya sponji kujaribiwa kwa mwali wa moto, kitambaa cha juu hujaribiwa kwa kitu kinachofukuta, kama sigara. Kipimo hicho watengenezaji wanaweza kukifaulu bila kutia kemikali hizo kabisa.