Gimbali ya A7 III na 24-70 kwa harusi na filamu fupi: pima uzito kwanza, ndipo ununue

Ndugu, umeuliza mambo matatu: ununue gimbali ipi (kishikio chenye mota kinachotuliza kamera) kwa kamera ya Sony A7 III yenye lenzi ya milimita 24-70 f/2.8 GM ya toleo la kwanza, vifaa gani vya ziada ni vya lazima, na kwa nini klipu za ile gimbali uliyokodi zilitoka na mtetemo mdogo wa haraka huku upeo umelala upande. Yote nitayajibu. Lakini naanza na usilouliza, kwa sababu ndilo litakalookoa pesa yako: kama huna tripodi yenye kichwa kizuri cha mafuta, kile kinachogeuka kwa ulaini, gimbali isubiri.

Fikiria ibada ya harusi ya saa mbili. Gimbali aina ya DJI RS 3 pamoja na betri, bamba la kushikia kamera na miguu yake midogo inakaribia kilo moja na nusu. Weka juu yake kamera yako, unashika zaidi ya kilo tatu mbele ya kifua. Hakuna mkono unaoshika hivyo mpaka mahubiri yaishe. Mabega yakichoka, shoti inaanza kuzama polepole, na mota haziwezi kukusaidia hapo. Viapo, hotuba, mahojiano, mazungumzo ya filamu fupi, hayo yote ni kazi ya tripodi. Gimbali ni ya bibi harusi akiingia, ya densi, ya mhusika anayetembea. Ni sehemu ndogo ya siku.

Ukichagua tripodi, usidanganywe na neno lililochapishwa kwenye kichwa. Vichwa vingi vya bei ya chini vinaitwa vya mafuta ilhali ndani ni msuguano tu. Jaribu dukani ukiwa na kamera yako mwenyewe, lenzi ikiwa kwenye milimita 70. Funga mpira wa kufungia noti kwenye mpini wa tripodi, vuta mpira huo polepole, utazame skrini. Kichwa kizuri huanza kugeuka bila kuruka na hukoma bila kurudi nyuma. Kibaya hukwama, mpira unanyooka, kisha kinaruka ghafla. Halafu inamisha kamera kama nyuzi 30 kwenda chini, acha mpini bila kufunga kufuli. Kamera ikianguka, springi ya ndani ya kichwa inayoibeba ni dhaifu. Ikirudi juu yenyewe, springi ni kali mno kwa uzito wako. Hili la pili huwapata wengi: kichwa chenye springi isiyorekebishwa iliyopimiwa kilo 4 hakifai kamera ya kilo moja na nusu, hata kama kimejengwa vizuri. Tafuta chenye springi ya hatua kadhaa. Kitako kiwe cha bakuli la milimita 75, ili usawazishe kwa pimamaji bila kuhangaika na urefu wa kila mguu. Vigae vya kanisani vinataka nyayo za mpira; nyasi na udongo wa msitu wa Karura baada ya mvua vinataka misumari.

Sasa gimbali. Chukua mizani ya dijitali ya jikoni, uweke kamera ikiwa na kila kitu utakachotumia. A7 III na betri na kadi ni gramu 650. Lenzi yako ni gramu 886. Tayari una 1,536. Ongeza filta ya milimita 82, kipokezi cha maikrofoni, bamba na kebo, unakaribia kilo 1.8. DJI RS 3 Mini imeandikiwa kilo 2, kwa hiyo umebakiwa na kama gramu 200, na lenzi ya GM ya kwanza hurefuka ukivuta kwenda 70, uzito unakimbilia mbele. Kwa kamera hii mimi ningeiacha Mini. RS 3 au RS 4, ambazo hubeba kilo 3, ndizo saizi yako. Zile za Pro hubeba kilo 4.5, lakini utalipia na kubeba nguvu usiyoihitaji. Ukija kubadilisha lenzi uchukue GM II, ambayo ni gramu 695, hapo Mini inakuwa na maana, hasa kwa anayepanda boda na begi mgongoni kutoka kazi moja kwenda nyingine.

Tena uzito peke yake hautoshi, upana nao una neno. Blackmagic Pocket 6K ina karibu gramu 900 tu bila lenzi, lakini mwili wake una upana wa karibu sentimita 18, na upande mmoja hukaribia kugusa mkono wa gimbali ndogo kabla haijasawazika. Ukifikiria kuhamia kamera hiyo, nenda nayo dukani.

Kusawazisha ndiko kunakoamua kila kitu, na watu wengi huharakisha. Fanya juu ya meza imara, gimbali ikiwa imezimwa. Kamera iwe katika hali ya kazi kabisa: filta imefungwa, kifuniko cha lenzi kimetolewa, mkanda umevuliwa, skrini iko pale utakapoitazamia, lenzi iko kwenye urefu utakaotumia. Fungua kufuli ya mhimili wa kuinamisha tu. Lenzi ikitazama mbele, sogeza kamera mbele au nyuma mpaka isidondoke pua wala mkia. Kisha elekeza lenzi juu mbinguni. Ikianguka, rekebisha kimo cha bamba. Usiridhike mpaka uiache kwenye nyuzi 45 na ibaki pale pale. Hapo ndipo ufungue mhimili wa kulala upande, usogeze kushoto au kulia. Mwisho mhimili wa kugeuka: shika mpini, uulaze kama nyuzi 30, na mkono wa gimbali usizunguke kuelekea chini. Marekebisho ya mwisho ni ya milimita moja au mbili. Ukishapata, tia alama kwa kalamu ya rangi kwenye kila reli, siku ya kazi utaweka kamera ndani ya dakika mbili. Baada ya hapo tu ndipo unawasha na kuiacha ijipime yenyewe kwa programu yake ya kupanga mota. Isijipime ukiwa umeishika mkononi au ndani ya gari linalotembea.

Mtetemo wa haraka uliouona una sababu chache. Ya kwanza na ya kawaida: skrubu ya bamba haikukazwa, au kamera imeshikwa na skrubu moja bila kizuizi cha kuizuia isijizungushe. Kaza kwa spana ya alen, si kwa kidole. Ya pili: nguvu ya mota imezidi uzito. Iguse kamera kidogo kwa kidole. Mtetemo ukinyamaza, shusha nguvu ya mhimili huo pointi 5 kwa mara mpaka utulie. Ya tatu: kufuli ya mhimili haikufunguka hadi mwisho. Ya nne husahaulika: kebo nene ya HDMI inayovuta kamera kama kamba, mota zinapigana nayo mchana kutwa. Tumia kebo nyembamba, laini, iliyojikunja kama springi, na uiache na nafasi ya kucheza. Gimbali ambayo mota zake ni za moto mkononi haijasawazika, hata kama picha inaonekana sawa kwa sasa. Betri iliyoandikiwa saa 12 haitakaa hata nusu.

Upeo kulala upande ni jambo jingine. Kwanza tazama umechagua hali gani. Katika hali ambayo mihimili yote mitatu hufuata mpini, ukiinamisha mkono upeo unalala, na hilo ndilo kusudi lake. Kwa harusi baki kwenye ile ya kugeuka peke yake. Kama uko hapo na bado upeo unalala, iweke juu ya meza iliyonyooka kwa pimamaji, usahihishe vihisi vyake kutoka kwenye menyu bila mtu kugusa meza. Gimbali za kukodi hupitia mikono mingi, kwa hiyo fanya hivi kila ukichukua moja.

Kuna kasoro ambayo huwezi kuimaliza kwa mipangilio. Gimbali ya mihimili mitatu hurekebisha kuinama, kulala na kugeuka. Haiondoi kupanda na kushuka kwa hatua zako. Hilo ni la magoti. Yakunje, weka kisigino kwanza kisha vidole, viwiko karibu na mbavu, utembee kama aliyebeba kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni. Kwenye 24 hatua hufichika. Kwenye 70 zinaonekana zote, kwa hiyo lenzi ikiwa ndefu simama, ugeuze kiuno. Kurekodi fremu 50 kwa sekunde na kuzicheza kwa 25 hupunguza mdundo huo nusu. Kifaa kinachoondoa mdundo wenyewe ni kile cha vesti na mkono wa springi, kama Steadicam aliyoibuni Mmarekani Garrett Brown miaka ya 1970, lakini hicho kinahitaji mazoezi ya miezi na mgongo wenye afya. Steadicam ndogo ya mkononi isiyo na mota ni nafuu na haina betri ya kuisha. Ukiipata, ilaze sambamba na ardhi, uiachilie: ichukue sekunde 2 hadi 3 kusimama wima. Ikirudi haraka zaidi, uzito wa chini umezidi na itayumba kila unapoanza kutembea.

Katika vifaa vya ziada, filta ya ND, ile ya kupunguza mwanga, ndiyo ningeinunua kabla ya kitu kingine chochote. Hesabu ni hii. Kwenye jua kali la saa sita kipimo cha kawaida ni ISO 100, shata 1/100, f/16. Wewe unapiga S-Log, yaani picha bapa ya kupakwa rangi baadaye, na A7 III haishuki chini ya ISO 800 kwenye hali hiyo, shata yako ni 1/50 kwa fremu 25, unataka f/2.8. Kwa stopu, ambapo kila moja ni mwanga mara mbili, hizo ni 3, na 1, na 5. Jumla 9. Filta ya kuzungusha ya stopu 2 hadi 5 inakulazimisha uzibe lenzi mpaka f/11, na ule ukungu laini wa nyuma ya maharusi umekwisha. Nunua ya 6 hadi 9 kwa nje, ile ya 2 hadi 5 iwe ya kivulini. Usiizungushe kupita alama yake ya mwisho, kwa sababu kwenye 24 itakuchorea msalaba mweusi kati ya picha. Na baki na 1/50, au 1/100 kwa fremu 50: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za kumbi huonyesha mistari ukitumia 1/60.

Utulivu wa ndani ya kamera uzime ukiwa kwenye tripodi. Kwenye gimbali pia uzime unapotumia 24, la sivyo pembe za picha hucheza kama maji.

Skrubu nazo. Ya kamera ni robo inchi yenye meno 20 kwa inchi, na kubwa yake ni 3/8 yenye meno 16. Ukipoteza moja ukaenda Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta, sema robo inchi UNC, usikubali M6. M6 ina kipenyo cha milimita 6 badala ya 6.35 na meno ya milimita 1 badala ya 1.27, itaingia mizunguko michache, ukiilazimisha italila tundu la kamera. Urefu unaoingia kwenye mwili wa Sony usifike milimita 5.5. Weka nne za akiba kwenye mfuko mmoja na spana yake. Mpini wa pili wa upande ni wa thamani kuliko unavyodhani, kwa kuwa mikono miwili hugawana zile kilo tatu. Mota ya fokasi usinunue sasa, fokasi ya A7 III yenyewe inatosha harusi.

Kwa shoti za gari, ondoa kofia ya lenzi ya kukinga jua, maana upepo huisukuma kamera na mota huzidiwa. Vikombe vya kunyonya hushika kioo na rangi iliyofutwa vumbi kwa maji, havishiki stika, kwa hiyo matatu iliyobandikwa michoro usiiamini, na hata kwenye kioo funga kamba ya usalama. Katikati ya jiji tripodi iliyofunguliwa huwaita kanjo, askari wa kaunti, upesi kuja kuuliza kibali. Kipate kabla ya siku, au ufanye kazi hiyo kwa monopodi.

Ukipata RS ya mkono wa pili, izungushe kila mhimili ikiwa imezimwa. Ukihisi mchanga au kukwama mahali pamoja, ilianguka, iache. Iwashe mbele ya muuzaji na uhakikishe imeshaamilishwa kwenye programu ya simu, kwa sababu ambayo haijaamilishwa huwashwa mara 5 tu kisha inakataa. Uliza bamba zote mbili, la juu na la chini, kwani zinauzwa kando na hupotea.

Gimbali ya kukodi kwa ruracio (sherehe ya mahari) ya mwezi ujao ichukue jioni ya kabla, siyo asubuhi. Isawazishe nyumbani, piga klipu ya dakika tano ukitembea, itazame kwenye kompyuta na si kwenye skrini ya kamera, na kama mtetemo upo bado una usiku wa kurekebisha au asubuhi ya kubadilishiwa.