Semina imekwisha, darasani kumebadilika nini?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watumishi wa vyuo vikuu vya Tanzania, na zote zinagusa jambo moja: mafunzo kazini. Tumechagua tano na kuzijibu kwa kirefu pale panapohitaji.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nimeajiriwa juzi kuwa mhadhiri msaidizi, nimepangiwa kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 380. Chuo kimeniita kwenye mafunzo elekezi ya siku tatu kuhusu ufundishaji. Niende na nini, zaidi ya daftari na kalamu?
*Mhadhiri msaidizi, Morogoro*

Jibu: Nenda na kozi yenyewe. Omba idarani muhtasari wa kozi, mtihani wa mwisho wa mwaka jana na majibu ya wanafunzi watano yaliyofutwa majina. Mafunzo yakifanyika kwa mifano ya mwezeshaji husikika vizuri na kusahaulika. Yakifanyika kwenye kozi yako, unatoka na kitu cha kutumia Jumatatu asubuhi.

Anza na yale matokeo ya kujifunza yaliyoandikwa kwenye muhtasari. Mara nyingi utakuta sentensi ya namna hii: "Mwanafunzi ataelewa mmomonyoko wa udongo." Hakuna mtihani unaopima kuelewa kwa jumla namna hiyo, kwa hiyo mtahini huishia kuuliza fasili, na mwanafunzi huishia kukariri. Iandike upya: "Mwanafunzi atakadiria kiasi cha udongo kinachopotea kwenye shamba la mteremko kwa vipimo alivyochukua mwenyewe." Sasa zoezi linajulikana, swali la mtihani linajulikana, na mhadhara unajua unaelekea wapi. Ukitoka mafunzoni na matokeo manne ya kozi yako yaliyoandikwa hivyo, na kila moja likiwa na zoezi lake, siku zako tatu hazijapotea.

Jambo la pili ni saa. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza, kila kitu kikihesabiwa. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Chukua muhula wa wiki 15 wenye mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1 kila wiki: hizo ni saa 45. Zimebaki 75, yaani saa 5 kwa wiki za kusoma, kufanya mazoezi na kujiandaa. Mwalimu mpya huzisahau hizo 75, akataka kila kitu kisemwe ndani ya mihadhara. Ndipo unapokuta slaidi 60 zinakimbizwa kwa kipindi kimoja na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza. Panga saa 5 hizo kwa maandishi, wiki kwa wiki. Mwanafunzi anayesoma kitabu cha taaluma kwa Kiingereza huku akiandika mambo makuu, mkadirie kurasa 8 hadi 10 kwa saa. Ukimpa kurasa 90 kwa wiki hatazisoma, na akishazoea kutosoma hata zile 20 za lazima ataziacha.

Swali: Mimi ni mratibu wa mafunzo ya wanataaluma. Tunataka kila mshiriki afundishe kidogo mbele ya wenzake na kukosolewa. Mwaka jana tulijaribu, kila mtu aliambiwa "umefanya vizuri sana" na tukaenda kula. Tulikosea wapi?
*Mratibu, Dodoma*

Jibu: Zoezi lenyewe ni zuri. Lilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, na nguvu yake haiko katika kufundisha mara moja, iko katika kufundisha, kuambiwa, kisha kufundisha tena sehemu ileile. Waandaaji wengi hukata hatua ya mwisho kwa ajili ya muda, na hapo ndipo zoezi linapogeuka maonyesho.

Hesabu muda kabla ya kualika watu. Kila mshiriki anahitaji dakika 8 za kufundisha, 8 za maoni, 4 za kurekebisha na 5 za kurudia: dakika 25. Kikundi cha watu 6 kinachukua saa mbili na nusu, bila mapumziko. Ukiwa na washiriki 24 unahitaji vikundi vinne, vyumba vinne na wasimamizi wanne wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Huna wasimamizi wanne? Punguza washiriki, usipunguze dakika.

Kilichowafanya wote waseme "vizuri sana" tunadhani ni mpangilio wa vikundi. Ukimweka mhadhiri msaidizi kwenye meza moja na profesa aliyemsimamia uzamili wake, hawezi kumwambia kwamba amelipa darasa mgongo dakika sita nzima, macho ubaoni. Heshima haimruhusu, na hatutaki aivunje. Panga vikundi kwa vyeo vinavyokaribiana, na maoni yatolewe kwanza kwa maandishi: kila mtazamaji ana karatasi yenye mambo matatu tu ya kuhesabu, si ya kuhukumu. Mwalimu ameuliza maswali mangapi? Amesubiri sekunde ngapi baada ya kila swali? Ni nani waliojibu, na walikaa wapi? Karatasi inayosema "maswali 7, yote umeyajibu mwenyewe" haimvunjii mtu heshima, na hakuna anayeweza kubishana nayo.

Hilo la sekunde lipeni uzito. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za Marekani, alikuta walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitokeza kujibu waliongezeka. Darasani kwetu, ambako mwanafunzi hulitafuta jibu kwa Kiswahili kwanza kisha akalipeleka kwenye Kiingereza, sekunde moja haitoshi hata kulielewa swali. Katika ule mzunguko wa pili mwambie mshiriki afanye hilo peke yake: uliza, funga mdomo, hesabu moyoni hadi tano.

Na tafadhali, zoezi lifanyike kwenye ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyofungwa sakafuni, si kwenye ukumbi wa hoteli wenye meza za duara. Mbinu ya majadiliano iliyojifunzwa kwenye meza ya duara hufa siku mwalimu anapokutana na safu 20 za viti visivyosogea. Kwenye safu hizo kuna njia: safu ya kwanza, ya tatu na ya tano wageuke nyuma, kila wanne wawe kikundi, dakika tatu, kisha mkono wa mwalimu ukiinuka kimya kirudi. Hilo linahitaji kujaribiwa palepale, mara mbili au tatu, mpaka mwalimu aache kuogopa kelele.

Swali: Naweza kuwaruhusu wanafunzi wajadili kwa Kiswahili wakati lugha ya kufundishia ni Kiingereza?
*Mhadhiri, Mbeya*

Jibu: Wajadiliane kwa Kiswahili, waripoti kwa Kiingereza. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ile hatua ya kuripoti usiiache hata muda ukibana. Waandikie ubaoni istilahi nne au tano kabla hawajaanza.

Swali: Walimu wa idara yangu wamehudhuria warsha ya kutunga maswali ya kuchagua. Nitajuaje kama maswali yao sasa ni bora, bila kuwaita mmoja mmoja ofisini?
*Mkuu wa idara, Dar es Salaam*

Jibu: Maswali yenyewe yatakwambia, ukiyachambua baada ya mtihani. Tuseme watahiniwa ni 100. Wapange kwa alama za jumla, chukua 27 wa juu na 27 wa chini, waache wa katikati. Kwa kila swali hesabu waliopata kwenye kila kundi.

Swali la 14, kwa mfano, limepatwa na 22 wa juu na 9 wa chini. Jumlisha: 31. Gawa kwa 54, unapata 0.57, ndiyo kiwango cha urahisi, na ni cha wastani. Kisha toa: 22 kasoro 9 ni 13, gawa kwa 27, unapata 0.48. Hiyo ndiyo nguvu ya swali ya kutenganisha aliyejua na asiyejua. Kuanzia 0.3 kwenda juu swali liko salama. Chini ya 0.2 lisomeni upya. Likiwa hasi, yaani wa chini wamelipata wengi kuliko wa juu, jambo la kwanza kuangalia ni mwongozo wa majibu: mara nyingi herufi imekosewa, au kuna majibu mawili sahihi na wanafunzi wazuri wameona lile ambalo mtunzi hakuliona. Rekebisheni alama kabla matokeo hayajapelekwa kwenye bodi.

Kisha tazameni majibu ya kupoteza, yaani yale yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya jibu sahihi. Jibu lililochaguliwa na chini ya watu 5 kati ya 100 halifanyi kazi. Swali la machaguo manne limebaki na matatu. Kosa jingine hujificha kwenye urefu: mtunzi huliandika jibu sahihi kwa uangalifu na masharti yote, mengine akayaandika kwa maneno matatu. Mwanafunzi asiyejua kitu huchagua refu, na hupata.

Kama mtihani umefanyika kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ripoti ya takwimu ya jaribio inawapa viwango vya namna hii tayari. Kaeni idara nzima saa moja na maswali matano dhaifu, bila kutaja mtunzi. Saa hiyo huwa na faida kuliko warsha iliyotangulia, kwa kuwa kila mmoja anaona swali halisi lililomwangusha mwanafunzi halisi.

Swali: Mafunzo kila mwaka ni ya walimu. Sisi mafundi sanifu wa maabara tukiomba tunaambiwa bajeti imekwisha. Tuombeje?
*Fundi sanifu maabara, Mwanza*

Jibu: Mna haki ya kulalamika. Mhadhiri akifundisha vibaya mwanafunzi anaweza kusoma kitabu. Kipimo kibaya maabara hakina kitabu cha kukiokoa, na data za tasnifu nzima zinaharibika.

Ombi la "mafunzo ya kujenga uwezo" hukatwa kirahisi kwa sababu halina sura. Peleka ombi lenye kosa linalopimika. Pipeti ndogo za mikrolita 1,000, yaani vifaa vya kunyonya na kupima mililita moja ya kimiminika, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hazihitaji fedha. Unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.001, maji yaliyokenekwa na kipimajoto. Kwa nyuzi 25 mililita moja ya maji ina uzito wa takriban gramu 0.997. Nyonya na upime mara 10, andika kila tokeo, tafuta wastani. Matokeo yakikaa pamoja lakini yote yako chini, tuseme 0.96, tatizo ni chombo: mara nyingi mpira wa ndani umechakaa na hewa inapita. Wastani ukiwa mzuri lakini matokeo yametawanyika, tatizo ni mkono. Kidole kimeachiwa haraka, ncha imezamishwa ndani sana, au mtumiaji amebonyeza kupita kituo cha kwanza wakati wa kunyonya, akachukua maji zaidi ya kipimo.

Fanya hivyo kwa pipeti zote za maabara, kisha waombe wenzako watatu nao wapime kwa pipeti moja iliyo nzima. Utapata jedwali la ukurasa mmoja: vyombo vingapi vinahitaji matengenezo, watu wangapi wanahitaji mazoezi. Omba siku mbili za mafunzo ndani ya maabara yenu wenyewe, gharama ikiwa ya mkufunzi mmoja na vipuri, na uahidi kurudia kipimo hicho hicho baada ya wiki sita. Kama chuo chenu ni cha umma, iandike kazi hiyo pia kwenye mpango wako wa PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, mwaka 2023, ili mkuu wako aione mapema, kabla bajeti haijagawanywa.