Video ina sauti lakini picha haionekani
Ndugu yangu, kama video uliyorekodi kwa simu inatoa sauti kwenye kompyuta huku kioo kikibaki cheusi, usiifute, mara nyingi faili ni zima. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa kodeki (njia ya kubana video ili faili liwe dogo) iitwayo H.265, na programu unayotumia haijui kuifungua. Hiyo MP4 au MKV mwishoni mwa jina ni chombo tu, kama sufuria. Kodeki ndiyo namna chakula kilivyopikwa.

Pakua VLC, programu ya kucheza video, kwenye tovuti ya watengenezaji wake, VideoLAN. Ni ya bure na ina kodeki zake ndani. Tafadhali sana, achana na vile vifurushi vya kodeki vya tovuti usizozijua. Nimesafisha virusi kwenye kompyuta za watu kwa sababu hiyo, na inauma kuona mtu amepoteza picha za familia.

Picha ikitokea lakini inakwamakwama, hapo ni nguvu ya mashine. H.265 ya mwaka 2013 hubana zaidi kuliko kodeki iliyoitangulia, H.264 ya 2003, hivyo kuifumua ni kazi nzito. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 6 zina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Kwa video za biti 10, yaani zenye ngazi nyingi zaidi za rangi, ni kuanzia kizazi cha 7. Sasisha kwanza draiva ya picha, yaani programu inayoendesha sehemu ya picha ya kompyuta. Mashine ikiwa ya zamani zaidi, geuza video iwe H.264 kwa HandBrake, programu ya kubadili video. Itachukua muda, iache ifanye usiku, na utunze faili la awali mpaka uone nakala inacheza hadi mwisho.